Senema na Sayansi: Filamu Ipi Ihojiwe Zaidi?

Mwanafunzi wa sekondari hufungua kitabu cha fizikia kwa sababu mtihani u karibu. Filamu huitazama kwa hiari yake, na akiipenda huirudia mara tatu au nne. Awe ameitazama katika jumba la senema, katika kibanda cha video ambamo mtafsiri huongeza maneno yake juu ya yale ya wachezaji, au katika simu ya mkononi, picha zile hubaki kichwani mwake muda mrefu baada ya maelezo ya ubaoni kufutika. Ndiyo maana mwalimu wa sayansi anayeingia darasani kufundisha habari za papa, za anga za juu au za magonjwa ya kuambukiza hakuti vichwa vitupu. Hukuta vichwa vilivyokwisha kufundishwa na mwalimu mwingine, ambaye hakusomea ualimu wala hafikiwi na mkaguzi yeyote.

Kuhusu mwalimu huyo, maoni ya aina mbili husikika mara kwa mara katika vyumba vya walimu. Wako wasemao kwamba filamu ni mchezo tu, na mchezo hauna haja ya kupimwa kwa mizani ya sayansi. Wako pia wasemao kwamba filamu ni uongo mtupu, na kwamba kijana apendaye maarifa yampasa kujiepusha nazo. Maoni yote mawili yana kasoro moja: yanazitia filamu zote katika kapu moja. Filamu ya njozi, filamu ya kutisha, filamu ya hadithi iliyojengwa juu ya tukio la kweli, na filamu ya hali halisi hazimwombi mtazamaji jambo moja. Ya kwanza humwomba afurahi; ya mwisho humwomba aamini. Madhara ya filamu, basi, hayatokani na wingi wa makosa yake, bali na kadiri inavyodai kuaminiwa. Filamu chache za aina mbalimbali, za zamani na za karibuni, zatosha kulithibitisha jambo hili.

Njozi isiyomdanganya mtu

Mwaka 1902 Mfaransa Georges Méliès alitengeneza filamu fupi juu ya safari ya kwenda Mwezini. Wasafiri wake wanaingia ndani ya risasi kubwa, risasi inatiwa katika mzinga, mzinga unafyatuliwa, na risasi inakwenda kumchoma Mwezi jichoni, maana Mwezi wenyewe una uso wa mtu. Hakuna mtazamaji, tangu siku zile hadi leo, aliyetoka katika filamu hiyo akiamini kwamba Mwezi una jicho. Filamu hiyo imejaa mambo yasiyowezekana, na bado haikumpotosha mtu.

Zaidi ya hayo, ni zawadi kwa mwalimu wa fizikia. Ili kitu kiondoke duniani bila kurudishwa na mvutano wake, chahitaji mwendo wa kilomita 11.2 kwa sekunde. Na tufanye mzinga ule una urefu wa mita 200. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kukokotoa mwenyewe kwamba mchapuko, yaani kadiri ya kuongezeka kwa mwendo, utakuwa mita 313,600 kwa sekunde kila sekunde. Hiyo ni mara 32,000 ya mchapuko wa kitu kinachoanguka hapa duniani. Msafiri mwenye kilo 60 atabanwa sakafuni kana kwamba uzito wake umekuwa tani 1,920. Mwanafunzi akifika hapo ameelewa, bila kuambiwa, kwa nini roketi huondoka polepole na kuongeza mwendo wake kwa dakika kadhaa badala ya kufyatuliwa kama risasi.

Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977 nayo ni ya ukoo huo huo. Vyombo vyake hunguruma angani na kulipuka kwa kishindo kikubwa, ilhali sauti haiwezi kusafiri mahali pasipo na hewa wala kitu kingine cha kuichukua. Kosa hilo limekwisha kutajwa mara nyingi, na wapo wanaolitaja kwa ghadhabu. Ghadhabu hiyo haina sababu. Filamu yenyewe hujitambulisha mapema kama ngano, na ngano hairuhusiwi kukamatwa kwa sheria za fizikia. Kinachofaa ni kuiweka karibu na filamu nyingine, 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotolewa mwaka 1968, mwaka mmoja kabla ya mwanadamu kukanyaga Mwezini. Katika filamu hii mtu anapokuwa nje ya chombo husikika pumzi zake tu, kwa kuwa ndani ya vazi lake mna hewa. Anapotupwa katika chumba kisicho na hewa, kimya kinatawala mpaka hewa inapoingizwa. Kimya kile kinatisha kuliko mlipuko wowote. Mwalimu mwenye chupa, kengele ndogo na pampu ya kunyonya hewa aweza kulionyesha jambo hilo mezani, kwa jaribio la namna ile aliyoifanya Robert Boyle katika karne ya 17. Baada ya jaribio hilo, mwanafunzi aendelee kuifurahia filamu yenye ngurumo. Atakuwa anajua anachosikia.

Papa na hofu ya watu

Njozi isipojitangaza kuwa njozi, hali hubadilika. Filamu ya Jaws, iliyoongozwa na Steven Spielberg mwaka 1975, inasimulia habari za papa mweupe anayewala waogeleaji katika mji wa pwani ya Marekani. Hakuna ndani yake chombo cha angani wala Mwezi wenye jicho. Kuna bahari ya kawaida, pwani ya kawaida, na mnyama aliye hai kweli. Kwa hiyo mtazamaji hakupewa alama ya kumwonya kwamba sehemu kubwa ya tabia za mnyama yule zimetungwa. Papa wa filamu ana urefu wa zaidi ya mita saba, ilhali papa weupe wapitao mita sita ni wachache mno. Tena ana kisasi: humfuata mtu, humvizia, humrudia. Papa wa kweli hana kisasi, na mara nyingi humng'ata mtu mara moja kisha humwacha.

Matokeo yake hayakuishia katika majumba ya senema. Hofu ilienea, na katika nchi kadhaa watu waliona fahari kuwavua na kuwaua papa kama kwamba wanawatoa maadui. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, alitumia miaka mingi ya maisha yake ya baadaye kuwatetea papa, na alisema waziwazi kwamba kwa ujuzi alioupata asingeweza tena kuandika kitabu kile. Takwimu zinamuunga mkono. Kwa wastani, papa huwaua watu wasiofika 10 kwa mwaka katika bahari zote za dunia, ambapo wanadamu huwaua papa makumi ya milioni kila mwaka, hasa kwa uvuvi. Na papa si samaki wa kuzaana haraka kama dagaa: wengi wao huchukua miaka mingi kukomaa, na huzaa watoto wachache.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Neno papa hukusanya aina zaidi ya 500 za samaki wenye mifupa ya gegedu, na aina hizo hazifanani kwa tabia. Karibu na kisiwa cha Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi, huonekana papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hufikia mita 12 na zaidi. Mnyama huyo, anayempita papa wa filamu kwa ukubwa, huogelea amefungua kinywa akichuja viumbe vidogo vya majini, wala hana haja na nyama ya mtu. Mwanafunzi aliyeiona Jaws na hajasikia habari za potwe amepata nusu ya somo, tena ile nusu isiyofaa.

Mjusi wa Tendaguru katika senema

Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ni ya aina ya tatu: njozi inayozungumza lugha ya maabara. Wanasayansi wake hupata damu ya dinosaria ndani ya mbu aliyegandishwa katika utomvu wa kale, hutoa humo DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika chembe hai, kisha hufufua wanyama waliotoweka. Maneno ni ya kisayansi na mitambo inapendeza, kwa hiyo wengi huuliza kama jambo hilo litawezekana hivi karibuni. Jibu hutoka katika kemia. DNA huvunjika polepole baada ya kifo. Ile ya kale kuliko zote iliyowahi kusomwa, ambayo habari zake zilitolewa mwaka 2022, ilitoka katika ardhi ya baridi kali ya Greenland na ina umri wa miaka ipatayo milioni mbili. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Pengo lililopo kati ya hesabu hizo mbili si la kuzibwa kwa mtambo bora zaidi.

Hapa yafaa kutenganisha kosa na ujuzi uliopitwa na wakati. Filamu hiyo iliwaonyesha Velociraptor wakiwa na kimo cha mtu. Wa kweli walikuwa na ukubwa unaokaribia wa bata mzinga. Hilo lilikuwa chaguo la watengenezaji. Lakini filamu iliwaonyesha pia bila manyoya, na kwa hilo haistahili lawama, kwa sababu ushahidi wa wazi wa manyoya katika mifupa ya mnyama huyo ulipatikana mwaka 2007. Mwanafunzi anapoambiwa jambo hili hujifunza kwamba sayansi haina aibu ya kusahihishwa, ila filamu ikishatoka haisahihishwi tena.

Kuna neno jingine la kusema, na hili lawahusu Watanzania moja kwa moja. Dinosaria wa kwanza ambaye wageni wa bustani ile wanamwona kwa mshangao ni Brachiosaurus, mwenye shingo ndefu kama mnazi. Umbo lake, kama lilivyojulikana ulimwenguni kwa miaka mingi, halikutoka Marekani peke yake. Lilitokana kwa sehemu kubwa na mifupa iliyochimbwa katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913. Mamia ya Waafrika waliichimba mifupa hiyo na kuibeba hadi bandari ya Lindi, na uzito wa shehena yote ulipita tani 200. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kutayarisha mifupa, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mjusi mkubwa mwenyewe, ambaye sasa huitwa Giraffatitan, alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, na kimo chake hupita mita 13. Filamu haikuwa na wajibu wa kueleza hayo yote. Mwalimu wa Tanzania, hata hivyo, anao wajibu huo, ili mwanafunzi wake asitoke katika filamu akidhani kwamba historia ya dinosaria ni mali ya nchi za mbali.

Ugonjwa wa filamu na ugonjwa wa kweli

Mwaka 2011 Steven Soderbergh aliongoza filamu iitwayo Contagion, juu ya virusi vinavyoenea duniani kote kwa majuma machache. Ulipozuka ugonjwa wa Covid-19 mwaka 2020, watu wengi waliirudia filamu hiyo kana kwamba ilikuwa utabiri. Haikuwa utabiri, ilikuwa kazi ya watu waliowasikiliza wataalamu. Virusi vyake vilibuniwa kwa kufuata mfano wa virusi vya Nipah, vilivyowapata watu na nguruwe nchini Malaysia mwaka 1998 na 1999, na katika filamu ugonjwa unatoka kwa popo, unapita kwa nguruwe, unamfikia mpishi.

Sifa yake kubwa ni ujasiri wa kusimamisha hadithi ili kufundisha hesabu. Daktari mmoja anaandika ubaoni idadi ya watu ambao mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza. Mwanafunzi akiiendeleza hesabu hiyo, atakuta kwamba ikiwa kila mgonjwa anaambukiza wawili, hatua ya kumi ya maambukizo huwa na wagonjwa wapya 1,024, na hatua ya ishirini huwa na zaidi ya milioni moja. Ndipo ataona kwa nini kunawa mikono na kukaa mbali mbali, mambo yanayoonekana madogo, huokoa maelfu ya watu. Filamu hiyo pia inamwonyesha mtu anayetangaza dawa ya uongo na kujipatia umaarufu na fedha; mambo ya miaka ya 2020 na 2021 yalithibitisha kwamba mtu wa namna hiyo hakutiwa chumvi.

Pamoja na sifa hizo, kuna tukio moja ambalo mwalimu hapaswi kulipita kimya. Mtaalamu wa chanjo anajidunga mwenyewe chanjo isiyokwisha kujaribiwa, kisha anamwendea baba yake aliye mgonjwa ili kuthibitisha kwamba haambukizwi. Watazamaji huguswa sana na ushujaa huo. Lakini mtu mmoja asiyeugua si ushahidi. Huenda asingeugua hata bila ya chanjo. Ndiyo maana jaribio kuu la mojawapo ya chanjo za kwanza za Covid-19 liliwashirikisha watu zaidi ya 40,000, nusu wakipewa chanjo na nusu wakidungwa maji ya chumvi yasiyo na dawa, bila wao kujua nani kapata nini. Kazi hiyo ya subira haipendezi katika senema. Ndiyo sayansi yenyewe.

Filamu zinazosema: huu ndio ukweli

Sasa imefikiwa aina ya filamu ambayo walimu wengi huiona salama kuliko zote, yaani filamu ya hali halisi. Husemwa kwamba hii haina watunzi wala wachezaji; ni kamera tu iliyowekwa mbele ya maumbile. Kwa maoni yanayotetewa hapa, hii ndiyo inayostahili kuhojiwa kwa ukali kupita zote, kwa kuwa mtazamaji huweka silaha zake chini.

Mfano ulio mashuhuri ni White Wilderness, filamu ya kampuni ya Disney ya mwaka 1958 iliyotunukiwa tuzo ya Oscar. Ndani yake huonekana lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya waishio nchi za baridi, wakijitupa kwa makundi kutoka magengeni hadi baharini. Mamilioni ya watu waliamini tangu hapo kwamba wanyama hao hujiua kwa hiari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watangazaji wa Kanada walifichua yaliyokuwa nyuma ya kamera. Sehemu hiyo ilipigwa Alberta, jimbo lisilo na bahari wala lemingi wa aina ile. Wanyama waliletwa kutoka kwingine, wakazungushwa mbele ya kamera ili waonekane wengi, kisha wakasukumwa kutoka gengeni hadi mtoni. Kwa kweli lemingi huongezeka sana kila baada ya miaka michache, huhama wakitafuta malisho, na wengine huzama wanapovuka maji. Hakuna anayejiua. Filamu ya Méliès, yenye Mwezi wa jicho moja, haikuacha uongo wowote vichwani mwa watu. Filamu hii ya "ukweli" iliacha uongo ambao hata leo hutumika kama msemo.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, nao ni mgumu zaidi kuuhukumu, maana hakuna aliyewatupa wanyama majini. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyosema kwamba Serengeti haipaswi kufa, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Yeye na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama wa mbuga kwa kutumia ndege ndogo, kazi ya kisayansi iliyokuwa mpya wakati huo. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo mwezi wa Januari 1959, ndege ilipogongana na tai. Filamu hiyo iliifanya Serengeti ijulikane duniani kote, na hapana shaka kwamba ulinzi wa wanyama wake unadaiwa shukrani kwa watu hao wawili.

Hata hivyo, picha zilikuwa na fundisho jingine. Zilimwonyesha mtazamaji nchi ambayo wenyeji wake ni wanyama, na ambamo mtu na ng'ombe wake ni hatari inayokaribia. Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipasi kukaliwa na watu, hata wenyeji. Mwaka huo huo wa 1959 Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakilisha mifugo upande wa Serengeti walihamishiwa huko. Filamu haikuwa sababu ya uamuzi huo, uliokwisha kuandaliwa kabla. Lakini iliwafunza watazamaji wa ng'ambo kuuona kama jambo la asili, kama kwamba mbuga ile tangu mwanzo haikuwa na watu.

Sayansi ya baadaye ilitoa jibu ambalo kamera haikuweza kuliona. Tangu miaka ya 1890 nyumbu walikuwa wakiuawa na sotoka, ugonjwa ulioletwa Afrika Mashariki na ng'ombe wagonjwa kutoka nje. Ng'ombe wa wafugaji walipochanjwa, ugonjwa ulitoweka pia kwa nyumbu, na idadi yao ikapanda kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja katika miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani. Hivyo afya ya mnyama wa porini ilitegemea afya ya ng'ombe wa mfugaji. Fundisho hilo halimo katika filamu, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekwisha kuwekwa upande wa maadui.

Kijana wa Malawi na upepo

Kati ya njozi na hali halisi kuna filamu zijengwazo juu ya maisha ya mtu aliye hai. Mojawapo ni The Boy Who Harnessed the Wind, iliyoongozwa na Chiwetel Ejiofor na kutolewa mwaka 2019. Inasimulia habari za William Kamkwamba, kijana wa Malawi aliyelazimika kuacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa ya mwaka 2001 na 2002. Alisoma kitabu cha nishati katika maktaba, akajenga mtambo wa upepo kwa mabaki ya baiskeli, mbao na vyuma vilivyotupwa.

Katika filamu mtambo unavuta maji, shamba linanyweshwa, na kijiji kinaokolewa. Katika maisha ya kweli mtambo wa kwanza uliwasha balbu chache na redio nyumbani kwao. Pampu za maji zilikuja baadaye. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, na mtunzi wa filamu ana haki ya kufupisha. Lakini kwa mwanafunzi tofauti hiyo ni kubwa. Kijana anayeamini kwamba uvumbuzi huokoa kijiji kwa siku moja ataona aibu juu ya kifaa chake kinachowasha taa moja tu, akakitupa. Kijana anayejua kwamba Kamkwamba naye alianza na taa chache atakihifadhi, atakirekebisha, na ataendelea. Filamu hii inastahili kuonyeshwa katika kila shule, pamoja na maelezo hayo.

Maswali matatu ya darasani

Pingamizi la kwanza litatoka kwa walimu wenyewe: muhtasari wa masomo ni mrefu, vipindi ni vichache, na shule nyingi hazina mtambo wa kuonyeshea filamu. Pingamizi hilo ni la haki, ila halizuii kitu. Wanafunzi wamekwisha kuzitazama filamu hizo. Kinachohitajika ni dakika kumi za mazungumzo mwanzoni mwa kipindi kinachohusika, na maswali matatu. Filamu hii yadai kuwa nini: njozi, hadithi, au ukweli? Ni jambo gani ndani yake linaloweza kupimwa kwa hesabu au kwa jaribio? Ni nani, au ni nini, kilichoachwa nje ya picha? Swali la kwanza huamua ukali wa maswali mawili yafuatayo.

Pingamizi la pili litatoka kwa wanafunzi: kuihoji filamu ni kuiharibia utamu. Mazoea ya michezo mingine hayaonyeshi hivyo. Mtu ajuaye sheria za mpira hufurahia mchezo zaidi ya asiyezijua, hata refa anapokosea, na pengine hasa refa anapokosea.

Anayetaka kuanza aanze na jambo rahisi. Karibu katika kila filamu, iwe ya mapenzi, ya kutisha au ya vita, radi hupiga na ngurumo husikika papo hapo. Masika yajayo, mwanafunzi akae ndani mahali salama, ahesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, kisha azidishe kwa mita 340, ambazo ndizo mwendo wa sauti hewani kwa kila sekunde. Atajua radi ilipiga umbali gani. Aandike hesabu yake daftarini, na siku inayofuata ailinganishe na ya mwenzake anayekaa kijiji kingine.